Babai Haili Makopo

Kwetu kisiwani Buota, ukimkuta mtu kwenye shimo lake la babai, unapita ukiangalia pembeni. Ndiyo adabu. Kila ukoo una siri yake ya kulilisha gimbi hilo kubwa, linalokaa miaka na miaka ndani ya shimo lenye maji. Siri hiyo haambiwi hata mkwe.

Nei Rotia alirithi siri ya baba yake: majani ya namna fulani, pamoja na chuma chenye kutu. Lakini sasa babai yake kubwa ilikuwa inageuka manjano. Nayo ndiyo ilikuwa ya arusi ya binti yake mwakani, ya kuwekwa katikati ya maneaba, ukumbi wa kijiji, watu wote wakitazama. Rotia alikosa raha kabisa.

"Chuma hakitoshi," alimwambia mumewe, Kabure. "Niletee makopo ya kazini kwako."

Kabure alifanya kazi uwanja wa ndege. Kwa miezi mitatu alileta makopo ya soda, yakaishia shimoni. Manjano ikazidi. Asubuhi moja Rotia akajaza ndoo betri za tochi zilizokufa, akaifunika kwa kitambaa, akaenda shimoni.

Hatua chache kabla ya kufika akakutana na jirani yake Meere, mfanyakazi wa yadi ya kukusanyia makopo na plastiki.

"Umebeba nini, dada?"

"Majani."

"Majani gani yanagongana hivyo?"

Rotia alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Akafunua ndoo, akaeleza yote isipokuwa majina ya majani.

"Ala! Betri shimoni?" Meere akashika kiuno. "Hebu ngoja. Na hayo makopo yamo? Toa moja tulione."

Wakasogea shimoni, Rotia akachokora tope. Kopo likatoka linang'aa, na wekundu wake ule ule.

"He! Mbona halijaliwa na kutu?" Rotia akashangaa.

Meere akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kopo la soda halikunasa. Rotia akachokora tena, akatoa kopo kuukuu la nyama, lenye kutu; hilo likanasa, pa!

"Hili ni chuma. Baba yako alijua alichokuwa anafanya. Lile la soda ni alumini, kutu hailishiki. Shimoni ni takataka tu. Yadini ni mali: tunalikandamiza, linapakiwa melini, linakwenda kuyeyushwa, linakuwa kopo jipya."

Rotia akanyakua sumaku, akaigusisha kwenye betri. Ikanasa.

"Haya! Si umeona?"

"Ganda tu ndilo limenasa, dada. Ndani mna sumu. Ganda likioza, sumu inaingia majini. Na maji ya shimo hili ndiyo hayo hayo ya kisima chako."

Rotia akairudisha ndoo mbali na shimo.

"Sasa babai yangu inaumwa nini?"

Meere akainua pua. "Ule moshi wa nani?"

Ulikuwa wa kwao. Kila asubuhi Kabure alifagia ua, akachoma kila kitu pamoja: majani, maganda, mifuko ya plastiki.

"Jamani!" Rotia akapiga kelele. "Tunachoma chakula chake!"

Siku hiyo moto ukazimwa. Majani na maganda yakaanza kwenda shimoni. Makopo ya soda na chupa za plastiki zikaingia gunia la yadi. Betri zikawekwa kwenye debe lenye kifuniko, Meere akazichukua. Kabure naye akatundika magunia mawili kazini. Wenzake wakamwita Waziri wa Taka, naye akaitika. Mwezi wa nne jani jipya likachomoza, kijani kibichi.

Siku ya arusi babai ilibebwa na wanaume wawili. Wazee wakaguna kwa mshangao.

"Nei Rotia, umeilisha nini hii?" mmoja akauliza kwa utani, akijua hatajibiwa.

"Majani siyataji ng'o!" Rotia akacheka. "Ila nitawaambia nilichotaka kuilisha."

Akaeleza habari ya betri na sumu yake, wazi wazi, mbele ya wakwe zake wapya. Yule mzee akaweka sahani yake chini, akatoka mbio kuelekea shimoni kwake.