Chumba Ndani ya Sikio

Haya yalimkuta jirani yetu mmoja, mpiga gitaa tuliyemzoea kwa jina la Solo. Mungu alimjalia vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi, na wivu usiolala.

Mchana ule bendi ilikuwa ukumbini ikipima sauti kabla ya onyesho. Jua limejaa madirishani, wafagiaji wanapanga viti, fundi mitambo anasema "moja, mbili, moja, mbili" mpaka anajichosha mwenyewe. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, isipokuwa kiongozi wa bendi alikuwa ametamka kwamba safari ya nje ina nafasi ya gitaa moja tu, na mwenyewe angemteua mpigaji baada ya onyesho.

Wapigaji walikuwa wawili: Solo na binamu yake, mtoto wa marehemu mjomba wake. Binamu hakuwa na mbwembwe hata kidogo. Lakini akigusa nyuzi, hata wafagiaji wanasimama. Solo akiona hivyo, chakula hakimpiti kooni.

"Si vidole vyake," alijisemea. "Ni ile spika."

Siku hizi hakuna anayejitwisha maboksi makubwa ya spika. Unaliwekea boksi lako maikrofoni mara moja tu, unarekodi linavyonguruma na chumba kinavyoitikia, kisha sauti hiyo unaitia kwenye kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu. Gitaa linapita humo hadi kwenye mitambo, likilia kana kwamba boksi liko palepale jukwaani. Mpigaji naye anajisikia kupitia vipokea sauti vya masikioni. Binamu alikuwa amerekodi boksi la marehemu baba yake, ndani ya chumba kilekile mzee alimokutwa amekata roho, gitaa mapajani.

Solo alikuwa amemwomba sauti hiyo kwa upole wote.

"Nisamehe, kaka," binamu alimjibu. "Kile ni chumba cha baba. Mimi mwenyewe sipigi kabla ya kubisha hodi na kumwamkia."

Solo alicheka sana. Moyoni alikuwa anachemka.

Basi binamu alipotoka kwenda kubadilisha shati, Solo akaunganisha vifaa vyao kwa waya. Akainakili sauti ya lile boksi, akaitia kwake, kisha akaifuta kwa mwenzake. Hakuona haya. Aliona raha.

Onyesho likaanza. Gitaa la binamu likatoka jembamba, halina mwili, na kijana wa watu akawa anabonyeza kifaa chake huku jasho likimtiririka. Solo akavisukuma vipokea sauti masikioni, akapiga noti ya kwanza. Utamu ulioje! Sauti nene, yenye joto, ikamjaa kichwa kizima.

Nyuma ya sauti hiyo, kiti kikavutwa.

Akamtazama fundi mitambo. Fundi akamwonyesha dole gumba: kila kitu shwari.

Wimbo wa pili. Mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha mzee. Kilitoka sikio la kushoto. Kisha kikatoka la kulia. Kisha karibu zaidi.

Solo akavichomoa vipokea sauti, vikaning'inia kifuani. Ukumbi wote ulikuwa unashangilia. Hakuusikia. Alisikia chumba tu. Pazia likigusa ukuta. Mtu akipumua.

"Umeingia bila hodi," sauti ikanong'ona.

Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mjomba, aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu yuko wapi?"

Solo akamtupia binamu jicho.

"Haya. Lete mkono."

Mkono wake wa kushoto ukapoa. Kisha ukaanza kwenda. Wenyewe. Ulipanda na kushuka shingo ya gitaa, ukipiga asichowahi kujifunza, kizuri mno, kizuri cha kuliza watu. Wakasimama wote. Wengine wakapanda juu ya viti. Solo akabaki anautazama tu, na katikati ya hofu yote hiyo, lo, akauonea wivu mkono wake mwenyewe.

Binamu akaweka gitaa chini. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kaka," akanong'ona, "huyo anayepiga ni baba."

Wimbo ulipokwisha, mkono ukaanguka ubavuni. Chumba kikanyamaza. Kiongozi akaja mbio, akamkumbatia Solo mbele ya watu wote.

"Nafasi ni yako, bwana! Ulikuwa umeificha wapi hii?"

Solo alikubali. Hakumwambia mtu, wala hakumtazama binamu machoni. Alirudi nyumbani, akaifuta ile sauti, akajifungia na kulala.

Asubuhi mkewe alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, gitaa mapajani, uzi wa kwanza una damu.

"Umejikata na nini?"

Alimnyooshea mkono wa kushoto. Mpiga gitaa yeyote ana sugu kwenye ncha za vidole vya kubonyezea nyuzi, ndizo zinazomkinga asikatwe; za Solo zilikuwa ngumu kiasi cha kushika sufuria ya moto bila kitambaa. Mkewe akazitafuta, kidole baada ya kidole. Hazikuwepo. Ngozi ilikuwa nyororo, ya waridi, kama ya mtoto aliyezaliwa usiku ule.

Safari akaenda binamu. Na hadi leo, sugu za Solo hazijaota.