Pipa Ambalo Halikupimwa

Kila Jumamosi asubuhi Cheche alifagia gereji ya mama yake, akamwaga mchanga palipovuja oili, kisha akapanga spana ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina la Cheche alibandikwa na mjomba wake, kwa kuwa hakawii kuwaka. Hata hivyo, hasira hizo hakuziokota barabarani. Ukoo mzima ulikuwa hivyo hivyo, na Jumamosi hii milango ya gereji ilifunguliwa kwa ugomvi.

"Mimi kesho siendeshi bomu," mjomba alisema. Alisimama kando ya gari jekundu la mashindano, mikono kiunoni. Yeye ndiye aliyekuwa dereva.

"Bomu ni huo mdomo wako," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Gari halina shida."

Mama ndiye fundi. Injini ile aliiunda kwa mikono yake, miezi mingi, akaifungia turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili gari lipate kasi. Hakuwa na injini nyingine. Ikiharibika, hakuna mashindano, na kazi yote imekwenda na maji.

"Gari halina shida, dada. Shida ni hayo mafuta yako."

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa wiki nzima, mezani, njiani, hata kwenye simu. Mama alitumia ethanoli, ile pombe inayowaka, iliyochanganywa na petroli kidogo. Mjomba alitaka petroli ya mbio, ile inayouzwa kwenye makopo yaliyofungwa kiwandani.

"Hewa ikitoka kwenye turbo inakuwa ya moto," mama alisema, naye sasa alikuwa ameweka spana chini. "Injini ikipata moto kupita kiasi, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, inaanza kugonga. Ethanoli inaipoza. Ndiyo maana naweza kusukuma hewa nyingi zaidi. Nimekueleza mara ngapi?"

"Na injini inakunywa mafuta bila haya," mjomba alisema. "Mimi kopo langu nikilifungua najua kilichomo, leo na mwaka ujao. Pipa lako kila likija lina tabia zake. Maisha yangu yanategemea kamrija ka mtoto."

Cheche alisimama na fagio mkononi, akahisi uso unamchoma. Hako kamrija kalikuwa kazi yake. Pipa la ethanoli likifika, yeye ndiye aliyetia maji kwenye mrija wa kioo wenye alama, akaongeza mafuta, akautikisa na kusubiri. Ethanoli huyafuata maji chini, petroli hubaki juu, na mstari kati yao husema ethanoli ni kiasi gani. Injini ya mama ilipangwa kwa themanini na tano kwa mia. Ethanoli ikipungua sana, injini itagonga.

Mwishowe mama alikata shauri. Gari lingepandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, magurudumu juu ya rola, na mafuta yote mawili yajaribiwe. Ethanoli ikitoa nguvu zaidi bila kugonga, mjomba ataendesha nayo na kufunga mdomo. Injini ikigonga, mama ataiacha ethanoli moja kwa moja. Walipeana mikono kwa nguvu mno, kama watu wanaotaka kuumizana.

Walianza na petroli ya mbio. Injini ilipokuwa ikinguruma ndani, muuza mafuta wao wa siku zote, mzee mmoja, aliingia uani na kushusha pipa jipya la ethanoli.

"Shikamoo," Cheche alisema, macho yake yakiwa kwa mjomba.

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, mchanganyiko wa safari hii si ule wa siku zote. Mwambie mama, na mpime kabla hamjatia. Umenisikia?"

"Ndiyo."

Alimsikia nusu tu. Alichukua mrija kwenye sanduku lake, na wakati huo huo mjomba akachungulia dirishani. Gari lilikuwa limevuta vizuri kwa petroli yake, na furaha ilimjaa tele.

"Daktari," alimwita Cheche, "majibu ya maabara tutayapata lini? Mgonjwa anasubiri."

Akacheka hadi akashika mbavu. Kuna vicheko vinavyomkata mtu maini, na hicho kilikuwa kimoja. Cheche alifura. Kwa nini ajisumbue kutikisa vioo mbele ya mtu anayemdharau? Mapipa yote yaliyotangulia yalisoma themanini na tano. Akaurudisha mrija sandukuni ukiwa mkavu.

"Imesoma ngapi?" mama aliuliza.

"Themanini na tano."

"Umepima vizuri?"

"Nimepima, mama."

Mama hakuuliza tena. Alimwamini mtoto wake, akaiondoa petroli yote kwenye tangi, akatia ethanoli, kisha akabadilisha mpangilio kwenye kompyuta ya gari. Aliketi mwenyewe kwenye usukani na kukanyaga mafuta.

Mshale ulipanda. Halafu sauti ikaja, kavu, ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Injini ilikuwa inagonga. Mama aliondoa mguu na kuizima pale pale. Akashuka.

"Nilisema," mjomba alianza.

"Nyamaza."

Muuza mafuta alikuwa bado uani, akifunga mapipa matupu kwenye gari lake. Mama alimwendea kwa hatua kubwa, na Cheche akamfuata.

"Umeniuzia nini?" mama alifoka. "Injini yangu nusura ife. Miaka yote nanunua kwako, na leo unaniletea uchafu?"

"Fundi, nilisema mchanganyiko umebadilika. Nilisema mpime."

"Ulimwambia nani?"

Yule mzee alimtazama Cheche. Hakumtaja. Alimpa nafasi ya kusema mwenyewe.

"Mwanangu amepima," mama aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini na mbaya zaidi. "Imesoma themanini na tano. Sasa niambie mwongo ni nani, wewe au mtoto wangu? Chukua mapipa yako, usikanyage hapa tena."

Muuza mafuta aliinamisha kichwa na kuanza kukaza kamba. Cheche alimwona akiikaza mara mbili mahali pale pale, kama mtu asiyeona anachofanya. Akajichukia.

"Mama, sikupima."

"Unasema?"

"Sikupima. Aliniambia nipime, nikasema uongo." Machozi yalimtoka, ila hayakuwa ya huzuni. Alimgeukia mjomba wake. "Yeye ndiye aliyenicheka. Kila siku ananicheka."

Mama hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Alimtazama Cheche na kusema, "Nimemtukana mtu mzima kwa ajili ya neno lako."

Lakini mjomba ndiye aliyewaka. Kicheko kilikuwa kimemtoka chote.

"Nilikucheka, kweli. Nimekosa, na ninakuomba radhi mbele ya mama yako. Lakini mimi sikukuambia useme namba ambayo hukuiona. Kesho ningekuwa ndani ya gari hilo, kwenye kona, mbio zimepamba moto. Injini ingepasuka, oili ingemwagika chini ya magurudumu yangu mwenyewe. Ulikuwa unanikasirikia mimi, si ndiyo? Ungenizika kwa hasira yako."

Cheche alikwenda kuchukua mrija.

Safari hii wote wanne waliusimamia. Mstari ulitulia kwenye sitini na tano. Muuza mafuta, aliyekuwa amefukuzwa muda mfupi tu uliopita, alifungua gari lake na kutoa dumu la ethanoli tupu, isiyo na petroli, akalitua miguuni pa mama. Mama alilitazama dumu lile.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Nimekuvunjia heshima bure."

"Yamekwisha, fundi. Changanya, twende."

Walichanganya, wakapima, wakaongeza, wakapima tena hadi mstari ukatulia kwenye themanini na tano. Mama alichunguza injini kwa makini, akahakikisha kwamba haikuumia, kisha akaketi kwenye usukani. Mshale ulipanda, ukapita pale petroli ya mbio ilipoishia, ukaendelea. Injini ilivuta bila kugonga hata kidogo. Mjomba aliangalia kompyuta, akakuna kichwa.

"Haya, dada. Umenishinda."

"Sijakushinda," mama alisema. Alimwita Cheche, akamketisha juu ya tairi mbele yake. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, na hakuificha. "Mjomba wako ana hoja moja, tena ni nzito. Petroli yake imepimwa kiwandani na kufungwa. Haimhitaji mtu wa kuaminika. Mafuta yangu yana nguvu zaidi, lakini yanafaa pale tu anayeyapima anaposema alichokiona. Siku ukidanganya, kopo lake ni bora kuliko pipa langu. Kukasirika utakasirika, damu yetu ndivyo ilivyo. Kasirika, nuna, piga milango. Ila kazi yako uifanye, na namba uiseme kama ilivyo."

"Utampa mtu mwingine apime?"

"Kesho utapima wewe, na mjomba wako ataendesha kwa neno lako. Mzigo huo siwezi kukupunguzia."

Kesho yake uwanjani, asubuhi Cheche alipima pipa jipya aliloleta yule mzee, akamwita mama aone, kisha akapima tena peke yake. Mjomba alikuwa ameshajifunga mkanda, kofia ngumu mapajani.

"Imesoma ngapi?" aliuliza, na hakukuwa na utani sautini mwake.

"Themanini na tatu."

"Si themanini na tano?"

"Ni themanini na tatu. Mama ameshairekebisha kompyuta."

Mjomba alivaa kofia yake na kuwasha gari.