Wasila na Njia ya Mierezi

Kila alasiri Wasila alitoka shuleni, akanunua karantita ya moto, ile keki laini ya unga wa dengu, iliyotiwa ndani ya mkate, akapanda ngazi za jengo lao katika mtaa wa Bab el-Oued, jijini Algiers, hadi ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa imekufa tangu kabla hajazaliwa. Akifika alimsalimu mama yake, aliyekuwa akishona karibu na dirisha, akajifuta vidole, kisha akatandaza ramani juu ya meza ya jikoni.

Ramani hiyo alipewa na baba yake, dereva wa malori ya kwenda kusini, jangwani. Wenzake wa miaka kumi na mitatu walijua majina ya wachezaji wa mpira. Wasila alijua barabara. Alijua mahali ambapo mtu anaweza kutoka Algiers asubuhi, akaburudisha macho, na kurudi kabla ya magharibi: magofu ya Tipaza kando ya bahari, korongo la Chiffa lenye nyani, au Chrea, juu milimani, penye msitu wa mierezi. Alipoandika saa za kuondoka na vituo vya kupumzika, kalamu yake ilikwenda mbio. Ulimi ndio uliomshinda, maana Wasila alikuwa na kigugumizi.

Kwa hiyo Mwalimu Belkasem, mwalimu wa jiografia, alipotangaza ziara ya siku moja na kumkabidhi Wasila kazi ya kuipanga, darasa zima lilishangaa.

"Wasila?" akasema Rasim, golikipa wa timu ya shule na bingwa wa utani. "Mwalimu, huyu mpaka amalize kusema 'shukeni' tutakuwa tushapitiliza mpaka Oran!"

Darasa likaangua kicheko. Wasila aliinamisha kichwa. Rasim akamgusa bega kwa rula. "Nakutania tu, mtoto wa ramani. Tupeleke Chrea basi. Nataka nione theluji kabla sijawa mtu mkubwa." Majuma mawili baada ya ziara angekwenda kujaribiwa na klabu moja ya vijana, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angechukuliwa.

Wasila akachagua Chrea. Kwa majuma matatu alipima, akaandika, akafuta. Basi lingeondoka saa moja na nusu asubuhi. Lingesimama Blida kwa ajili ya wale wanaotapika kwenye kona. Kisha wangeingia msituni kwa njia ya chini na kutembea hadi mahali ambapo, siku isiyo na ukungu, bahari huonekana kwa mbali. Mwalimu Belkasem aliusoma mpango huo mara mbili akitabasamu.

"Limebaki jambo moja," alisema, akimwandikia namba ya simu. "Mvua imenyesha sana. Wapigie walinzi wa msitu uwaulize kama njia ni salama. Ukiona huwezi, niambie, nitapiga mimi. Sawa, binti yangu?"

"S-sawa, Mwalimu."

Alhamisi alipiga. Simu iliita, kisha mwanamume akajibu kwa sauti nzito. "Haloo? Nani mwenzangu?"

"N-n-n..." Neno likamganda kooni. Alijikaza mpaka machozi yakamtoka. "N-n..."

"Nyie watoto hamna kazi za kufanya? Simu hii si ya kuchezea!" Mtu huyo akakata.

Wasila alikaa akiitazama simu. Hakuthubutu kupiga tena. Asubuhi iliyofuata Mwalimu Belkasem alipompigia mama yake kumuulizia, mama alimpa simu.

"Ulipiga, Wasila?"

"Nilipiga." Hilo lilikuwa kweli.

"Wamesemaje?"

"Njia iko wazi." Maneno hayo yalitoka mara moja, bila kukwama hata kidogo.

*

Jumamosi walipanda milima wakiimba. Theluji ilikuwa imebaki kwa mabaka chini ya miti, na Rasim alishuka kwenye basi akaijaza shingoni mwa kila aliyemkaribia. Wakala mayai ya kuchemsha na mikate waliyofungiwa na mama zao, kisha wakaingia msituni. Hapakuwa na kizuizi chochote upande ule wa chini. Ukungu ulikuwa unashuka taratibu.

Walikuwa wametembea nusu saa. Rasim, aliyekuwa mbele, aligeuka nyuma akitembea kinyumenyume. "Mtoto wa ramani!" alipaza sauti. "Bahari yako iko wapi? Mimi naona..."

Ukingo wa njia ukamomonyoka chini ya miguu yake. Hakupiga hata kelele. Yalisikika tu mawe yakibingirika, kisha kimya, kisha sauti nyembamba ambayo hakuna aliyeitambua kuwa ya Rasim.

"Mama! Mguu wangu! Mama yangu!"

Mwalimu Belkasem alishuka kwa makalio na viganja, koti likichanika kwenye miamba. Alimkuta Rasim chini kiasi cha urefu wa watu watatu, mguu wake wa kulia umekunjika mahali pasipokunjika. Simu zilikuwa hazishiki vizuri. Iliwachukua walinzi saa moja na nusu kufika na machela, na muda wote huo watoto walisimama kwenye ukungu, wengine wakilia, wengine wakisoma dua. Wasila hakulia wala kusoma. Alisimama akiuma kola ya koti lake.

Mlinzi mkuu alipomwona Mwalimu alifoka. "Nani aliwaambia mpite huku? Njia hii imefungwa tangu Jumatatu! Mngepiga simu tu!"

Mwalimu Belkasem alimtazama Wasila mara moja. Kisha akamgeukia mlinzi. "Mimi ndiye mwalimu wao," alisema. "Kosa ni langu."

Wasila alifungua mdomo. Safari hii si kigugumizi kilichomzuia.

*

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko mlima. Rasim alipasuliwa, akatiwa vyuma mguuni. Daktari alisema atatembea, lakini mpira, kwa mwaka huu, asahau. Mama yake alikuja kulia langoni mwa shule. Wazazi wengine walikusanyika wakidai Mwalimu Belkasem afukuzwe. "Tulimkabidhi watoto, akawapeleka kuzikwa!" alipiga kelele baba mmoja. Mkuu wa shule, Bi Huria, akamwambia Mwalimu akae nyumbani hadi uchunguzi umalizike, na darasa likaletewa mwalimu wa muda aliyesoma kitabu bila kuinua macho.

Wasila aliacha kula. Ramani aliikunja akaisukuma nyuma ya kabati. Kila akifumba macho aliona ule mguu. Alitamani siku zirudi nyuma hadi Alhamisi. Siku ya nane alimwona Mwalimu Belkasem sokoni, amebeba mfuko wa viazi. Muuza samaki mmoja alimnyooshea kidole akisema, "Ndiye huyo." Mwalimu alisikia, akaendelea kutembea, mabega yameshuka kama ya mzee.

Jioni hiyo mama alimwekea supu mbele yake. "Kula, mwanangu. Hukumsukuma wewe."

"N-nilimsukuma," Wasila akasema, na machozi yaliyokuwa yamegoma siku zote hizo yakamwagika. Akaeleza yote: simu, sauti ya yule mtu, uongo.

Mama hakumkumbatia. Aliweka upawa chini. "Yaani mtu wa watu anatukanwa sokoni kwa ajili yako, na wewe umekaa hapa siku nane, kimya?"

"N-naogopa, Mama."

"Hata mimi naogopa. Baba wa Rasim si mtu wa kuchezea. Lakini njia ya mwongo ni fupi, Wasila, na yako imefika ukingoni. Kesho tunakwenda kwa mkuu. Na maneno utasema wewe, si mimi."

Mbele ya Bi Huria, Wasila alisema. Ilimchukua muda mrefu. Maneno mengine aliyarudia mara saba, mara nane. Bi Huria hakummalizia hata neno moja. Alingoja, kalamu mkononi, mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu Belkasem hakulitaja jina lako," alisema. "Nilimuuliza mara tatu."

Wasila akaona afadhali angepigwa.

Kutoka hapo walikwenda kwa Rasim. Alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito, uso umekonda. Alimsikiliza hadi mwisho bila kutania. Kisha akageukia ukutani.

"Toka," akasema.

Wasila alitoka. Lakini kesho yake alirudi na madaftari aliyoyanakili darasani, akayaacha mlangoni. Kesho kutwa tena. Mama wa Rasim aliyapokea bila salamu. Siku ya tisa sauti ilisikika kutoka ndani.

"We! Hesabu ya tatu haieleweki. Ingia unieleze."

Wasila aliingia, akaketi ukingoni mwa kiti. Rasim hakumtazama. "Sijakusamehe," alisema. "Nieleze hesabu tu. Na usiharakishe, mimi siendi popote."

Juma lililofuata Mwalimu Belkasem alirudi darasani. Alipewa barua ya onyo, kwa kuwa alipaswa kuhakikisha mwenyewe, na ziara zote zikasimamishwa hadi mwaka mwingine. Kengele ya mwisho ilipolia alimwomba Wasila abaki. Wasila alisimama mbele ya meza yake.

"N-nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu la kujutia: nilipaswa kupiga simu ile mwenyewe hata baada ya jibu lako. Nataka uelewe jambo moja. Ungekuja ukaniambia, 'Mwalimu, ulimi umenikwama,' ningepiga mimi, na Rasim leo angekuwa uwanjani. Kigugumizi si aibu, binti yangu. Neno la kweli, hata likichelewa namna gani, tutalingoja. La uongo ndilo linalotoka upesi, na likishatoka huwezi kulikimbilia ukalirudisha. Mpango mzuri wa safari hauanzi na ramani. Unaanza na mtu anayeweza kusema, 'Sijui, sijauliza.'"

Wasila aliitikia kwa kichwa, akachukua madaftari ya Rasim, akaenda zake.