Vizuri Tu, Dada

Kila jioni, Kristina akishamaliza kuchambua mlenda, aliigiza mama mwenye mtoto mgonjwa. Alikaa kwenye kigoda uani, na dada yake Severina, daktari aliyekuwa anasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, akamweleza namna ya kumpa mtoto dawa za pumu. Alieleza mbiombio, dawa tatu kwa mkupuo.

"Nimeeleza vipi?"

"Vizuri tu, dada."

Uongo mtupu. Kristina hakuambulia kitu. Lakini mtoto wa darasa la sita amkosoe dada yake, tena daktari? Kwao huo ni utovu wa adabu.

Ijumaa moja Severina alirudi macho mekundu. Msimamizi wake hospitalini, Daktari Obadia, alikuwa ameandika kwenye ripoti: "Wagonjwa hawamwelewi. Asipobadilika mwezi huu, arudie mwaka."

"Miezi mitatu namuuliza, ananijibu, 'Vizuri, endelea,'" alisema Severina. "Kumbe moyoni ameshanihukumu. Amenisaliti."

Kristina alipandwa na hasira. "Mnafiki mkubwa huyo. Mbona hata mimi niliona tangu mwanzo kwamba unakimbiza maneno..."

Maneno yalikuwa yameshamtoka.

Severina alimgeukia. "Kwa hiyo na wewe ulijua. Jioni zote hizo."

"Niliogopa kukuvunjia heshima, dada."

"Yule ni mtu baki. Wewe ni damu yangu."

Severina aliingia ndani. Siku mbili hakumsemesha, na Kristina alikosa hata hamu ya kula.

Siku ya tatu Kristina alikitoa kigoda mwenyewe. "Shikamoo dada. Nieleze tena, leo nitasema kweli."

Severina alieleza, uso umekunjamana.

"Unaniangalia usoni, hilo zuri," alisema Kristina. "Ila umetaja dawa tatu bila kupumua. Taja moja, kisha uniambie nirudie."

Maneno hayo yalimchoma, lakini Severina alirudia mpaka Kristina akaweza kueleza mwenyewe. Kesho yake alimwomba Daktari Obadia amwonyeshe kila kosa siku hiyo hiyo. Obadia aliona haya, akakubali. Mwisho wa mwezi ripoti ikasema amefaulu.

"Basi yameisha, dada," Kristina alifurahi.

"Kwangu yameisha," alijibu Severina. "Anayejifunza akikosea, mwambie mapema, mkiwa wawili, umwonyeshe kosa lenyewe na namna ya kulirekebisha. Kumfichia si heshima. Miezi ile mitatu akina mama walirudi kwao vijijini, Nduguti na Kilimatinde, na dawa wasizojua kuzitumia. Wale nani atawafuata?"