Mkono wa Kwanza

Kipakatalishi kilijikunjua chenyewe juu ya meza ya duka, taratibu, kama mtu anayetandika khanga kitandani. Kikasimamisha kioo chake, kikamtazama Eliwaza usoni, halafu kikamwamkia kwa Kipare. Na si Kipare cha kubahatisha, la. Kilikuwa Kipare cha milimani kwao, na lafudhi yake yote.

Eliwaza akajikuta anakiitikia. Akaona haya, akacheka peke yake.

"Kimekusikia ulipokuwa unaongea na simu pale mlangoni, dada," alisema Chediel, mwenye duka. "Maneno kinayadaka hewani. Lakini bado si chako, ndiyo maana kimevaa utando. Hiki ni Fungamano. Huyu mwenzake ni Mkondo. Bati ni lile lile, kiwanda ni kile kile. Tofauti yao ni roho tu."

Roho, hivyo ndivyo watu wa jiji la Same walivyoyaita majukwaa ya kompyuta. Zamani kompyuta ilikuwa chombo cha kazi. Ukiichoka unamuuzia mwenzako. Enzi hizi jukwaa ndilo lililojua wewe ni nani. Asiye na jukwaa hafunguliwi mlango wa basi la angani, hapokelewi hospitali, wala hafungi ndoa. Na majukwaa yenyewe yalibaki mawili, Mkondo na Fungamano, kama wake wenza wasiosalimiana. La tatu, Kisima, lile la zamani lililojua kusema na yote mawili, wenye nalo walikuwa wametangaza kulizima mwisho wa mwezi. Kipakatalishi cha Eliwaza kilikuwa cha Kisima.

Usidhani Eliwaza alikuwa mshamba wa mashine. Alikuwa mhandisi wa vioo vya jua, vile vilivyofunika uwanda wote chini ya milima ya Upare mpaka mkonge ukawa hadithi ya kusimuliwa watoto. Alisema neno moja asubuhi, na vioo vyote vikageuka kulifuata jua. Kumbe mtu anaweza kuliamuru jua na akashindwa kuchagua kompyuta.

Shida yake ilikuwa hii. Mbazi, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi kwenye chombo kilichoitwa Kilimia, kilichoelekea kwenye mkanda wa vimondo kuchimba madini. Asingerudi mpaka awe na mvi kidevuni. Kilimia kilikuwa cha Fungamano, na kila fundi alipewa nyumba moja tu duniani ya kusema nayo. Nyumba hiyo ilipaswa kujiandikisha kabla chombo hakijavuka Mstari, huko ambako njia nyingine zote za sauti hukatika. Asiyejiandikisha kabla ya hapo ndiyo basi tena.

Upande wa pili alikuwepo Bibi Nanzia, mama wa marehemu mumewe, aliyeishi naye nyumba moja. Kifuani mwa Bibi kulikuwa na kidundishi, kijidude cha ukubwa wa punje ya maharage kilichoupigisha moyo wake uliochoka. Vidundishi vyote vilisikiliza Mkondo. Kila alfajiri kiliuliza moyo upigweje leo, na Mkondo ukajibu. Aliyesimamia mazungumzo hayo pale nyumbani, kupitia Kisima, alikuwa Eliwaza.

"Nikienda Fungamano, nani atausoma moyo wa mama?" aliuliza.

"Hospitali watausoma. Yeye yuko Mkondo kwa jina lake mwenyewe, mwache abaki huko. Wewe nenda kwa mwanao." Chediel akainua kidole. "Ila sikiliza vizuri. Hiki kinashika mkono wa kwanza. Ukishatoa utando, kiganja cha kwanza kukigusa ndicho mwenye nacho, na mtu hakai majukwaa mawili. Hiyo ni ndoa ya kanisani, mpaka kifo. Una mtoto mdogo nyumbani?"

"Sina."

"Basi huna neno."

Mpare hanunui kitu kabla hajakizunguka. Eliwaza aliizunguka ile meza mpaka Chediel akaanza kufunga madirisha, huku akijiuliza na kujijibu. Mwishowe akapiga moyo konde. "Nifungie Fungamano," akasema.

Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa ameketi ukumbini anachambua mahindi ya makande. Mashine za kupika zilijaa jijini, lakini Bibi alisema mashine haijui kungoja, na makande ni kungoja.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna kitu kipya kilichotumika pale bila kupita mikononi mwa mkubwa. Iwe sufuria, iwe sare ya shule, hata ile barua ya Mbazi ya kuitwa angani, kilitua kwanza mapajani mwa Bibi. Bibi alikishika kwa mikono miwili, akakipulizia mate kidogo ya baraka, pfu, pfu, akasema, "Kawe na heri." Ndipo kikawa cha kutumika. Eliwaza aliolewa akaikuta desturi hiyo, akaizoea kama kunawa mikono kabla ya kula. Na kitu ulichokizoea hukifikirii.

Akatoa utando. Akapiga goti. Akakiweka kipakatalishi mapajani mwa mama mkwe wake.

Viganja viwili vikongwe vikakishika. Pfu, pfu. "Kawe na heri."

Kioo kikawaka. "Karibu Fungamano, Nanzia," kilisema, kwa Kipare kitamu. "Nimekupokea. Jina lako la Mkondo nimelifuta."

"He! Kimenijua!" Bibi akafurahi kama msichana. "Mama Mbazi, umesikia? Kimenijua kwa jina!"

Eliwaza alikuwa bado amepiga goti. Aliiona bangili ya hospitali kwenye mkono wa Bibi, ile iliyoonyesha hali ya kidundishi, ikibadilika, kijani ikawa manjano. Mungu wangu, nimefanya nini? Aliyesahau maonyo ya Chediel alikuwa yeye, mhandisi, msomi wa mashine, na hakuwa na wa kumlaumu.

Kabla hajasema neno, kipakatalishi kililia na sauti ya Mbazi ikajaa ukumbini. Kilimia kilikuwa kimeambiwa kwamba nyumba yake imepatikana na mwenye nayo ni Nanzia. "Shikamoo Bibi! Kumbe ni wewe? Umemnyang'anya mama kompyuta!"

"Marahaba, baba! Nimemnyang'anya, ndiyo. Unakula?"

Jibu lilikawia, maana njia ilikuwa ndefu. Bibi akangoja huku amekikumbatia kile kitu kifuani, juu kabisa ya kidundishi.

Asubuhi Eliwaza alikwenda hospitali. Karani-chuma wa mapokezi alilitafuta jina la Bibi, akasema kwa adabu zote kwamba mtu huyo hayupo. Eliwaza akamtafuta daktari. Daktari alikuwa mtu wa kweli, mwenye macho yaliyokosa usingizi, akamweleza bila kuzunguka: kidundishi kina akiba, kitajipigia chenyewe wiki hivi, kisha kitalegea. Kukitoa kwa kisu hakuwezekani, kwa umri ule angebaki mezani. "Mrudishe Mkondo, nami nitampokea leo hii," alisema daktari. "Nje ya hapo nimefungwa mikono, mama. Samahani." Na alionekana kusikitika kweli, ila masikitiko hayapigishi moyo.

Jioni Chediel alikuja mwenyewe nyumbani, amenywea. Walisimama uani, karibu na dirisha la jikoni.

"Kutoka inawezekana," alisema. "Bibi mwenyewe aweke kiganja, aseme 'naachia'. Mkondo utampokea, ataishi. Lakini Fungamano haliandikishi nyumba moja mara mbili. Akiachia, nafasi ya Mbazi imeungua, na Kilimia kinavuka Mstari keshokutwa. Hutamsikia tena."

"Na asipoachia?"

Chediel alitazama viatu vyake. "Nilikwambia, mpaka kifo. Mwenye mkono akifariki, kipakatalishi hurithiwa na aliyebaki nyumbani. Nafasi ya Mbazi inabaki."

Ndani, mwiko wa Bibi uliokuwa ukigonga sufuria ukanyamaza. Eliwaza alijua amesikia. Moyo ndio uliokuwa mbovu. Masikio ya Bibi yalikuwa ya paka.

Aliingia akakipeleka kipakatalishi mbele yake. "Mama, weka mkono hapa, useme 'naachia'. Neno moja tu."

"Na Mbazi?"

"Tutampata."

"Kwa njia gani?"

Eliwaza akakisogeza kipakatalishi karibu zaidi.

"Hujui kudanganya, Mama Mbazi. Siku ulipoolewa hapa ulisema makande yangu matamu, na yalikuwa yameungua. Nikasema, huyu ni mtoto mwema, lakini uongo hauwezi." Bibi akakunja ngumi zote mbili, akazificha ndani ya khanga. "Mimi chumvi nimekula mpaka hamu imeniisha. Huo moyo unaouhangaikia ni wa hospitali. Wangu ulichoka zamani, siku tulipomzika mumeo. Wewe unaye mtoto mmoja. Utakaaje miaka yote hiyo hujui kama anakohoa?"

Na hapo, Mungu amsamehe, kitu kidogo ndani ya Eliwaza kilifurahi.

Alikisikia, kidogo kama mtoto anayecheka kwenye msiba. Akaogopa nafsi yake. Akamrukia Bibi, akamshika mkono, akavuta ngumi itoke kwenye khanga, akajaribu kuvifungua vile vidole kimoja kimoja. Mkamwana anamkwida mama mkwe! Kwao jambo hilo halikuwa hata na jina. "Achia, Mama! Achia, nakuomba!" Bibi hakupiga kelele. Alimtazama tu, amekaza ngumi, na nguvu alizokuwa nazo zilishangaza.

Eliwaza akamwachia, akaketi sakafuni, akalia.

Alimwachia kwa heshima, au alimwachia kwa sababu ya kile kicheko? Alijiuliza siku ile, na akajiuliza siku zote zilizofuata. Jibu hakulipata. Alijua tu kwamba vile vilikuwa vidole vya kikongwe, na yeye kazini kwake aliinua vyuma.

"Njoo ule," Bibi alimwambia. "Yameiva."

Siku zilizobaki Bibi alizitumia kuongea na mjukuu wake. Alimuuliza kama huko kuna mbu, kama amepata mchumba, kama wanapewa chai ya tangawizi. Majibu yalichelewa kila siku kuliko jana, na kila mara Mbazi alianza kwa shikamoo. Eliwaza aliketi pembeni. Aliongea naye pia, kupitia mkono wa Bibi, lakini kila alipotaka kumweleza, Bibi alimkata jicho. "Amebeba mzigo wa kutosha. Usimwongezee." Kilimia kikavuka Mstari. Kisima kikazimwa, na kipakatalishi cha zamani cha Eliwaza kikabaki bati la kuwekea sufuria. Bangili ikawa nyekundu.

Bibi Nanzia alifariki mchana, jua likiwa utosini, ameketi kwenye kiti chake ukumbini, na ungo wa mahindi mapajani. Uwandani vioo vyote vilikuwa vimelielekea jua kama vilivyoamriwa.

Walimzika milimani. Watu walikuwa wengi, watani wakatania, majirani wakapika. Siku ya kuanua tanga Chediel alifika, akapewa kiti, akashindwa kukikalia. Akamvuta Eliwaza kando.

"Dada, sijui nikwambieje. Wametangaza leo. Mkondo na Fungamano wamepatana. Kuanzia mwezi ujao mtu ataruhusiwa kukaa kote kuwili."

Husemwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini hakuna aliyewahi kusema nyasi zifanye nini fahali wakishapatana. "Asante kwa kunijulisha," alijibu Eliwaza. "Umekula?"

Watu walipotawanyika, nyumba ikabaki na sauti ya upepo tu. Kipakatalishi kilikuwa juu ya kiti cha Bibi. Kilipomwona kilijikunjua, taratibu, na maneno yakatokea: *Mwenye mkono hayupo. Mrithi aweke kiganja.*

Aliinyoosha mikono akasita. Kwake kilikuwa bado kitu kipya. Na kitu kipya, katika nyumba ile, hupita kwanza kwa mkubwa. Akageuka kama anayetafuta mtu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ndipo alipoelewa kwamba mkubwa wa nyumba sasa ni yeye.

Akakichukua kwa mikono miwili akakiinua karibu na midomo, apulizie. Mate hayakuja. Kinywa kilikuwa kikavu kama uwanda wa Same kabla ya mvua. Akajaribu tena, akashindwa, akaweka kiganja hivyo hivyo, bila baraka.

Kioo kikawaka. Kulikuwa na sauti iliyolala humo tangu jana, kutoka kwa mtu ambaye hakuambiwa lolote, kwa sababu njia ya kumwambia ilikuwa hii moja.

"Shikamoo Bibi!" Mbazi alisema, akicheka. "Mbona kimya? Mama amekunyang'anya kompyuta yake, eh? Nijibu basi, Bibi, nisikie sauti yako."

Kisha mashine ikangoja, taa yake ikipepesa, imrekodi atakayejibu.

Eliwaza alikaa kwenye kiti cha Bibi. Mtoto aliyempata kwa bei ile alikuwa anangoja, mbali kuliko jua linavyoweza kupelekwa na kioo, na neno la kwanza la kumwambia halikuwepo. Akakohoa kidogo, akaikunja sauti yake mpaka ikazeeka.

"Marahaba, baba," alisema. "Unakula?"