Grisi Nyuma ya Gurudumu

Tak, tak, tak. Sauti ilitoka chini ya gari kila lilipokata kona. Wardina, aliyekaa kiti cha nyuma, alijua chanzo chake.

Kila Jumamosi yeye ndiye aliyeliosha gari hilo nyumbani kwao, mji wa Kuala Kangsar. Wiki tano nyuma, alipokuwa akichokoa tope kwa chuma, alichana mpira mweusi unaofunika kiungo cha shafti ya gurudumu la mbele. Tangu hapo grisi ilitapakaa nyuma ya gurudumu. Kila wiki aliifuta bila kumwambia mtu mpaka pakang'aa, na baba yake, Rosdi, akamsifu kwa usafi.

Sasa walikuwa wakienda mji wa Gerik. Bibi, mama yake Rosdi aliyeishi huko, alikuwa mahututi na alikuwa akiwaulizia. Rosdi alisema sauti ile ataishughulikia wakifika. Wardina alitaka kumwambia ukweli, lakini aliogopa.

Kwenye kona kali baada ya mji wa Lenggong, kiungo kilivunjika. Injini ilinguruma, gari halikusogea.

Fundi Leong, ambaye Rosdi alimpigia simu, alifika baada ya saa mbili, mvua ikinyesha, akiwa na shafti nyingine. Alipoichomoa ile mbovu aliwaonyesha gololi zilizokuwa ndani ya kiungo. Alieleza kwamba hizo huteleza kwenye mifereji yake, ndiyo maana gurudumu huzunguka kwa kasi ileile ya shafti hata linapopinda. Grisi ikiisha na mchanga ukiingia, zinasagana.

"Mpira umechanika siku nyingi, kaka," alisema. "Anayeliosha gari hili ni kipofu?"

"Si kipofu," Wardina alisema kwa sauti ndogo. "Niliuchana mimi. Grisi nikawa naifuta."

Rosdi alimtazama, kisha akainama kumsaidia fundi kufunga shafti nyingine.

Walipofika Gerik, bibi alikuwa amekata roho nusu saa kabla. Shangazi, aliyekuwa akimuuguza, alisema mpaka mwisho bibi alikuwa akiuliza kama sauti ya gari lao imesikika. Rosdi alipiga magoti kando ya mama yake, akalia. Wardina hakuwa amewahi kumwona akilia.

Kesho yake, baada ya mazishi, baba na binti waliketi kwenye ngazi za nyumba.

"Kuchana mpira ilikuwa bahati mbaya, mwanangu. Ningenunua mwingine," Rosdi alisema. "Kuifuta grisi ulikusudia. Na mimi niliisikia sauti, nikapuuza. Kosa likisemwa mapema hurekebishika. Hili letu halirekebishiki tena."

Wardina alimshika mkono.

"Baba, nikiharibu kitu nitakwambia siku hiyohiyo, hata nikiwa naogopa. Nakuahidi."