Hapana ya Kwanza

Ndugu zangu mnaosoma, kwetu Xi'an vuli ikifika, ua wa maghorofa yetu hujaa maganda ya komamanga. Wazee hushusha viti vyao vidogo, huketi wakilipa jua mgongo, humenya matunda polepole na kushindana kwa lile shindano lisilokwisha: nani amezaa mtoto mwenye adabu kuliko wote.

Mwaka ule mshindi alikuwa Bibi Qiao, mgeni wetu kutoka kijiji kimoja chini ya mlima Li.

"Mwanangu alinifuata mwenyewe," aliwaambia. "Akafunga virago vyangu kwa mikono yake, hata mto wangu wa maganda ya ngano hakuuacha."

"Una bahati," akasema jirani mmoja. "Wangu hunipigia simu sikukuu kwa sikukuu."

"Wako angalau anapiga," mwingine akadakia. "Wangu hunitumia picha za paka. Nimfanye nini paka?"

Wote wakacheka, na Bibi Qiao akacheka nao, kichwa juu. Alikuwa na haki ya kujivuna. Mwanawe, Xue Hongtao, ni kiongozi wa watalii ambaye wageni wakirudi mara ya pili humwulizia kwa jina. Mimi, Suwen, niliyekuwa nimemaliza chuo kiangazi kile, nilikuwa najifunza kazi chini yake, na nilikaa ghorofa ya chini yao. Nilijivunia hata kubeba bendera yake ndogo ya njano.

Jumapili moja walinialika chakula cha mchana. Bibi Qiao alivuta tambi pana kwa mikono, akizipiga mezani paa, paa, kama wanavyofanya wanawake wa kwao. Nyumba ilinukia siki na pilipili iliyokaangwa. Peizhen, mke wa Hongtao, alikuwa akiniambia habari za ofisini kwao. Basi Bibi akachukua chupa ya maji moto ili animiminie, na maji hayakuingia kikombeni. Yalimwagika kando yake, yakatiririka mezani hadi magotini kwangu.

"Mama!" Peizhen aliruka.

"Mkono umeteleza," Bibi akasema, huku akipapasa meza kutafuta kitambaa kilichokuwa mbele yake waziwazi.

Hongtao akaweka vijiti chini. "Mama, macho yanakusumbua? Nikupeleke kwa daktari?"

"Haina haja."

"Haya," akasema Hongtao, akaendelea kula.

Nawaomba mlitazame vizuri jibu hilo, "haya", maana ndilo lililoitia nyumba hii matatani.

Kwetu, hapana ya kwanza ni salamu tu. Ukimkaribisha mtu chakula atasema ameshiba, hata kama hajala tangu alfajiri. Utamkaribisha tena, atakataa kwa sauti ya chini zaidi. Utamkaribisha mara ya tatu, ndipo atapokea, naye hataonekana mlafi, nawe hutaonekana bahili. Ndiyo maana mahotelini utawaona watu wazima wakivutana makoti kugombea nani alipe. Nimewahi kuona maprofesa wawili wakikabana namna hiyo mpaka miwani ya mmoja ikatumbukia kwenye supu. Mgeni asiyejua hudhani ni ugomvi, kumbe ni mapenzi.

Hongtao aliyajua haya kuliko sisi sote. Lakini alipomleta mama yake mjini, yeye na Peizhen walimwambia, tena kwa upole, "Mama, hapa kwetu tunasema wazi. Ukitaka, sema nataka. Usipotaka, sema sitaki. Hatuna michezo ya kukataakataa."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliochoka. Na tuseme ukweli ndugu zangu, hapana ya mzazi ni rahisi kuiamini, kwa sababu haikudai chochote.

Mwanamke ambaye tangu usichana wake hakuwahi kutamka "nataka" angejifunza lini? Alipoulizwa kama aongezewe blanketi, alisema haina haja, na hakuongezewa. Mezani alibakisha tambi kidogo bakulini, kama inavyompasa mtu mwenye adabu anayesubiri kubembelezwa aongeze, na Peizhen akalibeba bakuli akalisafisha. Bibi alianza kukonda. Pale uani waliendelea kumsifu mwanawe, naye aliendelea kuzipokea sifa hizo kwa tabasamu.

Siku moja jioni nilimkuta amesimama uani akitazama juu.

"Binti, taa za huku mjini zina pete?"

"Pete gani, Bibi?"

"Pete za rangi, kama upinde wa mvua. Kila taa imevaa yake. Nilidhani ni mapambo ya serikali."

Nilitazama. Taa zilikuwa taa tu. "Kichwa kinauma?"

"Upande wa kushoto. Huja, hupita."

"Umemwambia Kaka Hongtao?"

"Aliniuliza juu ya macho, nikasema haina haja."

"Kisha?"

Akashusha macho kutoka kwenye taa. "Kisha hakuuliza tena. Ana kazi nyingi, mwanangu."

Kesho yake, tulipokuwa tukiwasubiri wageni, nilimweleza Hongtao yote, pete na kichwa. Uso wake ulibadilika, lakini ulimi wake ukakataa kubadilika.

"Suwen, nimemwuliza tena asubuhi, akasema hajambo. Mzazi halazimishwi kama mtoto. Akihitaji atasema."

Wageni wakafika. Lilikuwa kundi la walimu wastaafu kutoka Brazili, watu wachangamfu, na siku hiyo Hongtao alikuwa katika ubora wake. Ndani ya basi aliwafunza kama kawaida: kitu cha mtu kipokee kwa mikono miwili, usichomeke vijiti wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo tunavyowawekea marehemu, ukipewa maji moto kunywa, hujaadhibiwa, umependwa, na jina la hoteli yako litembee nawe kwa maandishi yetu, kwa kuwa dereva wa teksi hatakuelewa ukilitamka. Halafu akafika kwenye somo lake analolipenda.

"Sasa nitawaonyesha namna ya kukataa," akasema. Akatoa keki ya tende, akamwendea dereva wetu, Pang, mtu wa tumbo kubwa, basi likiwa limeegeshwa. "Ndugu Pang, karibu keki."

"Asante," Pang akasema, akaila.

Basi zima likaangua kicheko.

"Pang! Ulitakiwa ukatae!"

"Nina njaa. Lete nyingine, hiyo nitaikataa."

Hongtao mwenyewe alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha mgeni mmoja, Bi Jurema, mama wa makamo aliyekuwa akisikiliza kwa makini, akainua mkono.

"Na yule asiyetaka kweli, nitamjuaje?"

"Mtazame mkono," Hongtao akajibu kwa furaha. "Asiyetaka kweli hufunika bakuli lake kwa kiganja. Anayekataa kwa mdomo tu, bakuli lake liko wazi."

"Na mimi mgeni, nikikosea? Nikiamini hapana ya kwanza, kutatokea nini?"

"Hapo utakuwa umemfungia mlango. Hatakwambia. Atakaa mezani kwako na njaa yake, akitabasamu, na moyoni atajua kwamba hukuwa na nia ya kumpa. Na hataomba tena, kwa sababu kwetu mtu..."

Akaishia hapo. Bendera ya njano ilikuwa mkononi mwake, mdomo uko wazi. Wageni walidhani amesahau. Mimi niliona macho yake yakihama kutoka kwa Bi Jurema kwenda mahali pengine kabisa.

"Suwen," akaniambia kwa lugha yetu, "bakuli la Mama umewahi kuliona limefunikwa?"

"Sijawahi, Kaka."

Alipiga simu nyumbani, ikaita mpaka ikakatika. Tuliwafikisha wageni hotelini kwao, Pang akatupeleka hadi langoni kwetu bila mzaha hata mmoja.

Bibi Qiao alikuwa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, ametapika kwenye beseni la kukandia unga. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kama ganda la komamanga.

"Tao wangu, umewahi leo," akasema. "Chakula bado. Ngoja niinuke."

"Mama, twende hospitali."

"Haina haja. Nikilala kidogo..."

"Twende hospitali."

"Utakosa kazi yako."

Hongtao hakusema mara ya tatu. Alichuchumaa, akamvuta mikono mabegani, akambeba mgongoni. Wazee waliokuwa uani walisimama wote mmoja baada ya mwingine.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye sauti kavu, alimpima kisha akatugeukia. "Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kuzimika, silirudishi. La kulia tunaweza kuliokoa tukianza leo. Hamkuona dalili? Pete kwenye taa, maumivu ya kichwa?"

"Niliambiwa," Hongtao akasema.

Daktari akaanza kujaza fomu. Ilibaki mgonjwa akubali, naye mgonjwa, ameketi kwenye benchi la korido, mikono mapajani, akasema lile lile.

"Haina haja. Mimi mzee, nimeona vya kutosha. Turudi nyumbani."

"Sikubali," akasema Hongtao.

"Usinitie aibu mbele za watu."

"Nitakutia aibu leo, Mama. Nasema mara ya pili: utatibiwa."

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojivunia kuzaliwa mji huu, maana korido nzima ilielewa kinachoendelea bila kuambiwa.

"Mbembeleze, kijana, usichoke!" akasema mzee mmoja mwenye bandeji.

"Bibi naye amkubalie," mkewe akajibu, "ameshafika mara ya pili!"

Peizhen akaingia mbio, kitambulisho cha kazini kikining'inia shingoni. Akapiga magoti, akaishika mikono ya mkwewe yote miwili.

"Mama, nilikuwa nikichukua bakuli lako kabla hujashiba."

"Lilikuwa na chakula ndani."

"Ulibakisha kwa adabu. Nimelelewa hivyo hivyo kwetu, Mama. Nilijua. Nilijifanya nimesahau."

Bibi Qiao akageuza uso pembeni. Hongtao akaketi sakafuni mbele yake, pale pale wanapopita watu na vitanda vya magurudumu.

"Mama, mara ya tatu sikuulizi kama kuna haja. Nakuuliza unataka nini."

Nesi aliita jina la mtu mwingine, mtu huyo hakuinuka. Kisha mkono wa Bibi ukatoka pajani, ukapapasa hewani, ukaupata uso wa mwanawe, ukapita kwenye paji, pua na kidevu.

"Nataka kuona," akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeiba. "Nataka niuone uso huu ukizeeka."

"Ameshasema!" yule mzee wa bandeji akapaza sauti. "Daktari, njoo, ameshasema!"

Jicho la kulia liliokolewa. La kushoto ni giza mpaka leo, na hakuna anayejidanganya kwamba kuchelewa kule hakukuwa na gharama. Siku hizi chakula cha mchana kikifika nasikia kelele kutoka juu: "Ongeza!" "Sitaki, nimeshiba!" "Mama, ongeza!" "Kidogo basi, umenionea!" Nami huku chini najua kwamba nyumba ile ni nzima.

Funzo

Wewe utakayesafiri kuja kwetu China, njoo, utapendezwa. Kataa kidogo kabla ya kupokea, pokea kwa mikono miwili, na mwenyeji wako akisema haina haja ya zawadi uliyomletea, usiirudishe mfukoni. Mpe tena. Nchi yangu ni kubwa na ya kale, na imewafunza watu wake kujificha nyuma ya neno dogo ili wenzao wawatafute. Naipenda kwa hilo.

Lakini desturi si nguo ya kuwavalia wageni na kuivua mlangoni kwako. Anayemwelewa mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari na asimwelewe mama yake aliye upande wa pili wa meza hajajifunza kitu.

Tena tusidhani kumtelekeza mzazi ni kumfukuza tu, au kumwacha kijijini peke yake. Yuko mtoto anayemtelekeza mama yake akiwa naye chumba kimoja, kwa kumwuliza mara moja na kushukuru kwamba amekataa. Basi leo ukimwuliza mzazi wako naye akakujibu haina haja, usiondoke. Vuta kiti, ukae.